Babu wa ukoo wa mke wangu alipigana vita vya Marekani vya 1861–1865, ila nyaraka zinaleta watu wawili. Yupi ni yeye?

#1 MkweWaKentucky
Wakuu, salaam. Naomba akili zenu.

Mke wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Kentucky. Kwa mama mkwe kuna habari inayosimuliwa kila wakikutana: babu wa bibi yake alitoroka shambani kwa bwana aliyemmiliki, akaenda kujiunga na jeshi la Kaskazini. Kwenye makaburi ya kanisa lao lipo jiwe la serikali, lile jeupe lenye ngao. Limechongwa jina, kampuni K, kikosi cha 116 cha askari weusi wa miguu.

Jina la mwisho kwenye jiwe si la ukoo. Majina sitayaweka hapa, mama hataki. La kwenye jiwe tuliite A, la ukoo tuliite B.

Nimeingia Fold3, tovuti ya nyaraka za jeshi la Marekani. Kwenye kikosi hicho kuna wanaume wawili wenye jina la kwanza lile lile, na wote jina la mwisho ni A. Mmoja yuko kampuni K, miaka 22, futi 5 inchi 6. Mwenzake kampuni E, miaka 24, futi 5 inchi 8. Wote wamezaliwa Madison County, wote wakulima, wote wameandikishwa Camp Nelson, kambi ya jeshi la Kaskazini huko Kentucky, katikati ya 1864. Nikahamia kadi za pensheni: kuna mjane aliyeomba mwaka 1891, mumewe ana jina B, kampuni E. Na jina la huyo mjane ni la bibi tunayemjua kabisa.

Jiwe linasema K, pensheni inasema E. Mimi nasema ni mtu mmoja aliyehamishwa kampuni. Shemeji yangu anasema ni wawili, na miaka yote hii wanaweka maua kwenye kaburi la mtu baki. Mnasemaje?

#2 KibaoniBoy
Mahari umemaliza kulipa ndiyo unaanza kuchunguza ukoo? Hayo maswali yalitakiwa kuulizwa na mshenga.

#3 NyarakaNaVumbi
Mkuu, uzi mzuri. Kabla ya K na E, tuanze na hayo majina A na B, maana hapo hakuna ajabu yoyote.

Kentucky haikujitenga na Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Kwa hiyo lile tangazo la Lincoln la Januari 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuigusa. Utumwa uliendelea kuwa halali pale mpaka Desemba 1865. Mtu akifika Camp Nelson mwaka 1864, karani anamuuliza: wewe ni wa nani? Anaandika jina la mwenye shamba. Vita vikiisha, wengi walilitupa hilo jina wakachukua la baba, au la bwana wa kwanza aliyemmiliki mama yao, au walilojichagulia. A kwenye jeshi na B nyumbani ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa fungua faili lote la utumishi, usiishie kwenye kadi za mwanzo. Mabwana waliokuwa watiifu kwa Muungano waliruhusiwa kudai fidia, hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyejiunga. Madai hayo mara nyingine yamo humo humo ndani, na hati ya umiliki imeambatishwa. Likiwepo, litakwambia shamba gani na la nani.

#4 Mchungulia_Dirisha
Msihangaike. Mafaili ya jeshi la Marekani yaliungua St. Louis mwaka 1973. Kilichobaki ni makapi.

#5 DadaWaDallas
#4 hapana kaka. Moto wa St. Louis wa tarehe 12 Julai 1973 uliunguza mafaili ya karne ya 20. Yaliyopotea ni kama milioni 16 mpaka 18: takriban asilimia 80 ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na asilimia 75 ya jeshi la anga walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, kuanzia jina Hubbard, James E. kwenda mbele. Nyaraka za vita vya 1861 ziko Washington, hazikuwahi kukaa jengo lile.

Najua kwa sababu baba mkwe wangu alipigana Korea na lake ndilo lililoungua. Walituletea nakala za karatasi chache zenye kingo nyeusi, nyingine wakazijazia kutoka hati za malipo na taarifa za asubuhi za kampuni yake. Jina lake linaanza na W. Angekuwa anaitwa Adams asingepona pia, maana kwa nchi kavu moto haukuchagua herufi. Wa anga ndio waliobahatika wakiwa na A.

#6 Mchungulia_Dirisha
Haya, tuache 1973. Novemba 1800 ofisi ya Wizara ya Vita iliungua, nyaraka za vita vya uhuru zikaenda. Januari 1921 jengo la Wizara ya Biashara likawaka, sensa ya 1890 karibu yote ikapotea. Hawa jamaa na moto wana mkataba.

#7 DadaWaDallas
Hapo umesema kweli. Lakini kwa mleta mada hiyo ya 1890 ina neema yake. Mwaka huo kulikuwa na orodha ya pembeni ya maveterani wa Muungano na wajane wao, na sehemu iliyobaki inaanza na nusu ya Kentucky kwenda mbele kialfabeti hadi Wyoming. Iko bure FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo. Mkwe, tafuta Madison County mle. Inaandika jina, kampuni, kikosi na maradhi aliyotoka nayo vitani.

#8 KibaoniBoy
Mchungulia anatembea na kiberiti mfukoni 😂

#9 MzeeKinondoni
Nimesoma yote. Mimi niko upande wa shemeji yako: ni wawili.

Kijana wa miaka 22 haongezeki inchi mbili kwa kuhamishwa kampuni. Shamba moja, bwana mmoja, jina A moja. Wote wawili wakitoroka usiku mmoja wataandikwa A. Jina la kwanza kufanana si ajabu, huenda mmoja ni mjomba na mwingine mpwa, au wameitwa kwa jina la babu mmoja. Na vita vikiisha, wakiwa ndugu, wote wanaweza kuchukua B. Kwa nini tunatafuta mtu mmoja wakati karatasi zenyewe zinasema wawili?

#10 MkweWaKentucky
Mzee shikamoo. Inchi mbili ni karani tu. Mmoja kapimwa na viatu, mwingine bila viatu. Na umri, mtu aliyezaliwa utumwani nani alimwandikia cheti?

#11 MzeeKinondoni
Marahaba. Umri nakuachia. Urefu sikuachii.

#12 Pwani_Moja
Mimi nipo Mombasa, sina mkwe Marekani, ila nimefuatilia mambo haya kwa ajili ya utafiti wa chuo. Naongeza maelezo ya tatu: mtu mmoja, mafaili mawili.

Zile kadi mnazoziona Fold3 hazikuandikwa vitani. Ziliandikwa na makarani wa Washington kuanzia miaka ya 1880 na 1890, chini ya ofisa aitwaye Fred Ainsworth. Walichukua daftari za mahudhurio, za hospitali na za malipo, wakanakili kila mstari kwenye kadi yake, kisha wakakusanya kadi za mtu mmoja kwenye bahasha moja. Shabaha ilikuwa kuharakisha maombi ya pensheni. Askari akihamia kampuni nyingine, na karani asijue, anapata bahasha mbili. Karne moja baadaye mashine ikazipiga picha kama zilivyo, na mtu wa kuandika faharasa akaandika kama alivyoona. Makosa ya 1895 tumeyapa intaneti.

Angalia kadi za mwisho za yule wa E. Je, alirudi nyumbani na kikosi, au anakatika ghafla? Kikosi cha 116 kilipelekwa Texas baada ya vita, kikaachishwa Louisville mwaka 1867. Kama wa E anapotea katikati ya 1865 na wa K anatokea hapo hapo, mkwe ameshinda.

#13 MkweWaKentucky
#12 nimekimbia kuangalia. Wa E ana kadi mpaka mwisho, ila miezi mingi ya Texas ameandikwa "hayupo, mgonjwa hospitali". Wa K naye ana kadi mpaka mwisho. Miezi ni ile ile kwa wote wawili.

#14 MzeeKinondoni
Asante kwa ushahidi wako dhidi yako.

#15 Pwani_Moja
Mzee usisherehekee. "Hayupo, mgonjwa" ndiyo tabia ya faili mfu: karani wa kampuni ya zamani anaendelea kubeba jina mwezi hadi mwezi kwa sababu hakuna aliyemwambia lifutwe. Mtu yuko kampuni nyingine anakula ugali wake.

#16 KibaoniBoy
Ugali wa Texas 1866. Hewa hiyo. Mahindi lakini yalikuwepo, siwezi kubisha.

#17 Sauti_ya_Ujiji
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Kwenye vikosi hivyo kulikuwa na Mwafrika aliyezaliwa Afrika yenyewe?

#18 NyarakaNaVumbi
Walikuwepo wachache. Anayejulikana zaidi ni Nicholas Said, aliyezaliwa Borno, Nigeria ya leo, kwa jina la Mohammed Ali ben Said. Alitekwa, akavushwa Sahara mpaka Tripoli, akapita kwa Waturuki, akafika Urusi na Ulaya kama mtumishi, hatimaye Marekani. Alifundisha shule Detroit, na mwaka 1863 akajiunga na kikosi cha 55 cha Massachusetts. Faili lake la utumishi lipo kama la askari mwingine yeyote.

#19 Pwani_Moja
Na huku kwetu vita hivyo vilisikika kwenye bei ya nguo. Merikani, ile nguo ya pamba iliyokuwa inaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ilipungua pamba ilipokosekana, bei ikapanda. Marekani ilikuwa na konseli Zanzibar tangu 1837, kwa hiyo meli zilikuwa zinapita. Jeshi la majini lilikuwa na mabaharia weusi wapatao 18,000, na daftari zao zinaandika mahali pa kuzaliwa. Mwenye muda akapekue kama kuna aliyeandikwa Zanzibar.

#20 Sauti_ya_Ujiji
Aisee. Mwenzetu anajua mpaka inchi za babu wa ukoo wa mkewe aliyekuwa mtumwa. Babu yangu alibeba mizigo ya Waingereza vita vya kwanza, hatuna hata mwaka aliokufa.

#21 DadaWaDallas
Hilo linauma na si hisia tu. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2021 ilikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda mpaka 350,000, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kariakoo imebaki na jina la kikosi cha wapagazi. Wapagazi wenyewe hawakubaki na majina.

#22 Mchungulia_Dirisha
Msiwape Wamarekani sifa sana. Kadi za kujiandikisha vita vya kwanza, zile za tarehe 5 Juni 1917, zilikuwa na maelekezo kona ya chini kushoto: mtu akiwa mwenye asili ya Afrika, chana kona hii. Leo ukifungua picha unamjua mweusi kwa kona iliyokosekana hata kabla hujasoma jina. Kuandikwa na kuheshimiwa ni vitu viwili.

#23 KibaoniBoy
Leo Mchungulia kaja bila kiberiti na kasema la maana.

#24 NyarakaNaVumbi
Turudi kwa mkwe. Kadi ya pensheni uliyoiona ina namba ya maombi. Je, upande wa pili kuna namba ya cheti?

#25 MkweWaKentucky
Namba ya maombi ipo. Ya cheti, patupu.

#26 NyarakaNaVumbi
Basi ombi lilikataliwa au halikumalizika. Usihuzunike, hayo ndiyo mafaili matamu. Sheria ya Juni 1890 ilimtaka mjane athibitishe kwamba mume alitumika siku 90 na kuachishwa kwa heshima, kwamba walioana kabla ya sheria hiyo, na kwamba hana kipato zaidi ya kazi ya mikono yake. Sasa ndoa ya watumwa haikuwa na cheti. Kwa hiyo serikali ilimtuma mpelelezi wa pensheni kijijini, akahoji watu: nani alikuwepo mlipoanza kuishi pamoja? bwana alikuwa nani? watoto walizaliwa wakati wa mavuno gani? askari alikuwa na kovu wapi? Wazee waliolelewa naye shamba moja wanaapa na kuweka alama ya msalaba. Aliyepata pensheni haraka ana kurasa chache. Aliyesumbuliwa ana kurasa mia.

Mengi ya mafaili hayo hayajapigwa picha. Mtandaoni ipo faharasa tu. Unaagiza nakala Nyaraka za Taifa Washington. Nilipoagiza mimi ilikuwa dola 80 kwa kurasa 100 za kwanza, zaidi ya hapo unaongeza kwa ukurasa.

#27 KibaoniBoy
Dola 80 kwa mwanamke aliyenyimwa pensheni. Serikali haijawahi kupata hasara.

#28 NyarakaNaVumbi
Na waliopewa walilipwa muda mrefu. Irene Triplett, binti wa askari wa vita hivyo hivyo, alikuwa anapokea dola 73.13 kwa mwezi mpaka alipofariki Mei 2020.

#29 Sauti_ya_Ujiji
2020?? Corona na vita vya Lincoln pamoja?

#30 NyarakaNaVumbi
Baba yake alimzaa akiwa mzee sana, na binti alikuwa na ulemavu hivyo akastahili. Baba mwenyewe alianza upande wa Kusini, akatoroka, akahamia Kaskazini.

#31 Pwani_Moja
Mkwe, kabla ya kutoa dola 80: ile kadi uliyoiona ni ya faharasa ya alfabeti. Kuna faharasa nyingine iliyopangwa kwa kikosi na kampuni, inaitwa T289, nayo iko Fold3. Fungua kikosi cha 116, kampuni K, uone kama yule wa K naye ana ombi lake. Ukipata, linganisha namba za maombi. Namba ikiwa moja, ni mtu mmoja na ubishi umekwisha. Kama huna akaunti, nenda maktaba ya kaunti, nyingi zinalipia.

#32 MkweWaKentucky
Nimerudi. Kaeni vizuri.

Kampuni K: yupo, jina A, hakuna B wala jina jingine. Kuna mjane aliyeomba 1898 akiwa Indiana, na ANA namba ya cheti. Jina la mjane huyo hatulijui kabisa. Namba za maombi ni tofauti.

Kwa hiyo mwanaume wa kwenye jiwe letu ana mjane Indiana aliyelipwa. Na bibi yetu wa Kentucky, wa kampuni E, hakulipwa.

#33 KibaoniBoy
Nilijua. Huyu babu alikuwa Mswahili. Kentucky mke mkubwa, Indiana mke mdogo.

#34 MzeeKinondoni
WAWILI. Wa K alivuka mto akaenda kuishi Indiana kama walivyofanya wengi. Wa E alibaki Madison, akaoa bibi yenu, akabadili jina kuwa B. Nani alizikwa pale kanisani ndilo swali lililobaki.

#35 NyarakaNaVumbi
Mzee, taratibu. Namba tofauti za maombi hazithibitishi watu wawili. Kila mwombaji anapata namba yake, ingawa mafaili ya askari mmoja kwa kawaida huunganishwa. Na wajane wawili kugombea askari mmoja ni jambo lililojaa kwenye mafaili ya vikosi vyeusi: mke wa enzi za utumwa upande huu, mke wa baada ya vita upande ule. Wakati mwingine walitenganishwa kwa kuuzwa, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa. Kibaoni anatania, lakini kataja maelezo ambayo mpelelezi wa 1891 angeanza nayo. Kukataliwa kwa bibi huenda ndiko kulikotokana na hilo.

Tafuta pia ndoa. Kentucky ilipitisha sheria mwaka 1866 iliyowaruhusu walioachwa huru kutangaza ndoa zao kwa karani wa kaunti. Jina litakalokuwa kwenye daftari la Madison, A au B, litasema mengi.

#36 DadaWaDallas
Na jiwe lenyewe msiliamini kama msahafu. Mawe ya makaburi ya binafsi yalianza kutolewa na serikali kwa sheria ya 1879. Mtu anajaza ombi, karani anatafuta jina kwenye orodha. Ndugu wameomba jiwe la A wa kampuni E, karani kakuta A wa kampuni K kwanza, kachonga huyo. Kadi za mawe hayo za kuanzia 1879 hadi 1903 ziko FamilySearch, zinataja makaburi na mkandarasi. Naona hili ndilo jibu: mwili wa E, jiwe la K.

#37 Mchungulia_Dirisha
Au ndugu wawili na kaburi moja. Mnalikwepa hilo kwa nini?

#38 MkweWaKentucky
Nimemsomea mama mkwe mabandiko yote. Ya mke wa Indiana kacheka sana. Ya jina la mwenye shamba kanyamaza, halafu kasema kama lipo kwenye faili nisimletee, nimpe shemeji.

#39 DadaWaDallas
Muheshimu hapo. Mama mkwe wangu naye alitaka kila kitu cha baba mkwe isipokuwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo hadi leo uko kwangu.

#40 Sauti_ya_Ujiji
Camp Nelson yenyewe bado ipo?

#41 NyarakaNaVumbi
Ipo, tangu 2018 ni kumbukumbu ya taifa. Lakini ukienda, jua kilichotokea pale Novemba 1864. Askari walikuja na wake na watoto. Kamanda akaamuru familia zifukuzwe kambini kwenye baridi, kama watu 400. Zaidi ya mia walikufa. Joseph Miller wa kikosi cha 124 aliapa kiapo siku hizo: mwanawe mgonjwa aliondolewa kwenye hema kwa nguvu, jioni baba akatembea mpaka Nicholasville, akamkuta amekufa, na asubuhi yake akarudi kumchimbia kaburi mwenyewe. Kelele zilizofuata ndizo zilizochangia sheria ya Machi 1865 ya kuwaacha huru wake na watoto wa askari. Kiapo hicho tunacho kwa sababu kuna mtu alikiandika na mwingine akakitunza.

#42 MkweWaKentucky
Nashukuru wote. Tumekubaliana na shemeji tuagize mafaili yote mawili, la Kentucky na la Indiana, gharama nusu kwa nusu. Wakati tunasubiri nitapekua ndoa za Madison na kadi za mawe.

#43 Pwani_Moja
Jaribu pia ule utafutaji wa FamilySearch unaosoma mwandiko wa zamani kwa mashine. Ingiza jina la kwanza na la mwenye shamba pamoja, wosia na mirathi za Madison za kabla ya 1864. Kama watumwa wawili wa jina moja waligawanywa kwenye mirathi, watakuwa wameandikwa mkubwa na mdogo.

#44 MzeeKinondoni
Likifika faili la Indiana, ruka kurasa zote uende kwenye maelezo ya mwili aliyoyatoa mjane. Ukikuta inchi 8 nitakaa kimya. Ukikuta inchi 6, mwambie shemeji yako anipigie.